Keki ya Nyuma

Oveni ya Bi Vanila ilikuwa na upande mmoja mkorofi. Ukiweka keki mbili kwa pamoja, ya mbele inatoka na rangi ya chai ya maziwa, ya nyuma inashika moto mgongoni na kuungua kabla ya wakati. Dawa yake haikuwa ya kwenda kuitafuta kwa mganga. Keki zikishasimama, unafungua mlango, unazigeuza, ya nyuma inakuja mbele na ya mbele inakwenda nyuma, na zote mbili zinatoka salama. Kinachotakiwa ni mtu asimame jikoni, asiende kupiga soga.

Jina la Bi Vanila alipewa na majirani, kwa kuwa harufu ya jiko lake ilikuwa ikiwaamsha asubuhi na kuwaacha na njaa zao. Kabla ya hapo alikuwa karani wa mapokezi kwenye zahanati, akapunguzwa kazini, akakaa nyumbani akitazama dari mpaka dari ikamchoka. Ndipo akaanza kuoka. Bibi yake mzaa mama alimalizia uzee wake katika nyumba ya wazee iliyo nyuma ya kiwanda cha magodoro, wakamtunza vizuri hadi siku ya mwisho. Kwa hiyo Bi Vanila akaweka nadhiri kwamba kila keki moja itakayonunuliwa, nyingine itakwenda kwa wazee wale. Akachapisha stika za kubandika kwenye maboksi: "Ukila moja, na mzee anakula moja."

Tuseme kweli, stika ile iliuza kuliko siagi. Watu wanapenda kitu kitamu, na wanakipenda zaidi kikiwa hakiwasuti. Kila aliyebeba boksi la Bi Vanila alitembea kifua mbele, kana kwamba wazee wale anawalea yeye. Na Bi Vanila mwenyewe, aliyeishi miaka yote bila kusifiwa na mtu zaidi ya "una mwandiko mzuri", sasa akawa anaitwa mwema. Sifa hiyo aliipenda mno, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Mwanzoni alikuwa mkweli. Alizigeuza keki zake, akazipeleka mwenyewe, akakaa na wazee mpaka chai ikapoa. Alikaa hasa na Bibi Redio, mzee aliyekuwa jirani wa kitanda wa marehemu bibi yake. Jina lile alipewa kwa sababu habari zote za nyumba ile zilitangazwa naye, asubuhi, mchana na jioni. Bibi Redio alimwita "mjukuu wangu" na kumshika mkono muda wote wa mazungumzo, asije akaondoka kabla ya taarifa kwisha.

Kisha oda zikaongezeka. Siku moja simu iliita wakati wa kugeuza keki, na mpigaji alikuwa mtu wa maneno mengi. Bi Vanila aliporudi jikoni, ya mbele ilikuwa nzuri na ya nyuma imeungua juu na ubavuni. Mteja wa ile nzuri alikuwa mlangoni. Bi Vanila akaikwangua iliyoungua kwa kisu, akainyunyizia sukari ya unga juu, akaifunga.

"Wazee wenyewe hawana meno," alimwambia wifi yake. "Wataona nini?"

Wifi, dada wa mumewe, alicheka. Bi Vanila naye akacheka, japo kicheko chake hakikufika mbali.

Siku iliyofuata hakuna simu iliyoita. Hakugeuza tu. Alikuwa amechoka, miguu imemvimba, na alikuwa na krimu ya kupiga. Wiki iliyofuata hakutafuta hata kisingizio. Ikawa ndiyo desturi ya jiko lile: ya mbele ya mteja, ya nyuma ya wazee. Na kwa kuwa mtu hapendi kumtazama usoni aliyemdhulumu, akaacha kwenda. Wifi ndiye aliyekuwa akipeleka.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," wifi alisema akipakia maboksi kwenye kikapu. "Na miguu ya kibaya ndiyo hii yangu."

"Wanasemaje lakini?"

"Wanashukuru. Hawabakishi hata chembe. Wanakuombea mpaka naona haya mimi niliyetumwa."

Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Wifi alijua, na alipotamka neno "haya" alimtazama Bi Vanila kwa muda kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Bi Vanila akageukia mayai yake. Hawabakishi hata chembe, alijiambia, basi hazina ubaya. Neno hilo alilishika kama mlevi anavyoshika ukuta.

Akaja mteja mmoja, mkuu wa ofisi ya bima, mama mnene mwenye sauti ya upole, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akimnunulia mumewe keki za Bi Vanila. Sasa alitaka oda ya ofisi nzima: kila mfanyakazi siku yake ya kuzaliwa, keki. Ilikuwa oda ya kumfanya mtu anunue oveni mpya na kuajiri msaidizi.

"Wenzangu wameipenda ile stika," alisema yule mama. "Ila nataka kwanza niwaone hao wazee. Siku utakayopeleka, twende wote."

Bi Vanila alisema karibu sana, kwa mdomo uliokauka.

Siku hiyo ilipofika alisimama mbele ya oveni kama askari wa lindo. Aligeuza. Alioka keki kubwa ambayo hakuwahi kuoka mfano wake, akaipaka krimu nyeupe, akaipakata njiani kama mtoto mchanga. Alijipa moyo kwamba wazee wakishakula hii, na mgeni akishaona, mambo yatasawazika, na kuanzia kesho atageuza keki zote mpaka afe. Mipango ya namna hiyo hupangwa na watu walio karibu kukamatwa.

Ukumbi wa nyumba ile ulikuwa vilevile: viti vya plastiki vimepangwa ukutani, sakafu inanukia sabuni, televisheni inaonyesha watu wanaozungumza bila sauti. Bi Vanila aliamkia, "Shikamooni," akaitikiwa na ukumbi mzima. Bibi Redio alikuwa amekonda. Alimkumbatia, akamnusa shingoni kama anavyonuswa mtoto aliyerudi safari.

"Mjukuu wangu. Tulisema kazi zimekuzidi. Kaeni, kaeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Msimamizi wa nyumba, dada mmoja mchangamfu, akaleta chai. Pamoja na chai akaleta sahani mbili, na juu ya kila sahani kipande cha keki.

"Hii ni ile ya mwisho aliyoleta wifi yako," alisema Bibi Redio. "Tuliposikia mnakuja tukasema tuwawekee wageni. Hatuna kingine, lakini hiki ni cha kwenu wenyewe."

Kipande kilikuwa kimekwanguliwa mara ya pili, kwa uangalifu, na mtu mwenye mkono unaotetemeka. Unaona michirizi ya kisu. Lakini moto ulikuwa umeingia ndani, na kuna weusi usiokwanguka. Bi Vanila akala. Uchungu ulimjaa mdomoni, akameza na chai, akala tena, kwa sababu macho ya ukumbi mzima yalikuwa kwake na yalikuwa macho ya upendo. Pembeni yake mama wa bima aling'ata, akatafuna polepole, akaacha kutafuna. Kisha akameza na kuweka sahani chini bila kelele.

"Fungueni hili boksi jipya," alisema Bi Vanila, kwa haraka. "Nimewaletea iliyookwa leo."

Msimamizi akafungua, akakata, akagawa. Kukawa na ukimya wa watu wanaoonja. Kisha mzee mmoja aliyekaa karibu na dirisha akapiga kofi moja la furaha, mwingine akafuata, na ukumbi wote ukapiga makofi, wengine kwa mikono, wengine kwa kugonga vijiko kwenye sahani.

"Imepona!" alitangaza Bibi Redio, machozi yakimlenga. "Jamani, oveni ya mtoto imepona!"

Bi Vanila hakuelewa. Alitabasamu tabasamu la mtu aliyeitwa jina la mwenzake.

"Tulijua," Bibi Redio alimweleza mgeni, akimshika mkono na yeye, mkono mwingine ukiwa umemshika Bi Vanila. "Keki zake zilikuwa nzuri huyu, tamu. Halafu zikaanza kuja zimeungua. Tukasema, mjukuu wetu oveni imemharibikia, biashara imemlalia, na bado hajatusahau. Kidogo anachopata anatuletea. Tukakubaliana humu ndani, hakuna kubakisha, hakuna kulalamika. Mtoto asije akasikia akavunjika moyo. Tukila zote, atajua tuko naye."

Yule mzee wa dirishani akainuka. Zamani alikuwa fundi wa majiko, na ukumbi mzima ulimwita Fundi hadi leo. Kando ya kiti chake kulikuwa na mfuko wa turubai, akauinua kwa mikono miwili, vyuma vikagongana ndani.

"Mimi nimeshaomba ruhusa ya kutoka," alisema. "Nilikuwa nakuja kwako leo hii na vyombo vyangu, nikuangalie oveni. Bure. Hata kama imepona, twende niitazame, isije ikakurudia. Ni kitu cha ndani tu hicho, bisibisi na brashi ya waya, basi."

"Oveni gani mbovu?" aliuliza mama wa bima. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa akimtazama Bi Vanila kama mtu anayehesabu jambo na hapendi jibu linavyokuja. "Mimi nanunua kwake mwaka mzima. Sijawahi kupata iliyoungua."

Hapo pangeweza kusemwa uongo. Ulikuwepo, tena mzuri, wa oveni mbili, ya zamani na mpya, na wazee wangeumeza kama walivyomeza yale mengine. Bi Vanila aliutazama mfuko wa turubai. Fundi alikuwa ameshauweka begani, na bega lilikuwa limeinama upande mmoja kwa uzito, naye amesimama hivyohivyo akisubiri kuambiwa twende. Alitamani ardhi ipasuke immeze, na ardhi, kama kawaida yake, haikupasuka.

"Bibi," alisema. "Oveni si mbovu. Haijawahi kuharibika."

"Ila?"

"Naoka mbili kwa pamoja. Ya nyuma huungua nisipoigeuza. Nikaacha kuigeuza. Nzuri nauza, iliyoungua ndiyo naleta hapa."

Televisheni iliendelea na watu wake wasio na sauti.

"Kwa kujua?" aliuliza Bibi Redio.

"Kwa kujua. Mwanzo ilikuwa bahati mbaya. Baadaye uvivu. Baadaye nikazoea."

Bibi Redio aliuachia mkono wa Bi Vanila. Hakuutupa. Aliuweka pale kwenye mkono wa kiti, taratibu, kama mtu anayerudisha chombo cha watu. Alipozungumza, sauti yake ya matangazo haikuwepo.

"Huyu Fundi ana vidonda vya tumbo. Kila akila ile nyeusi alikuwa hapati usingizi. Nikamwambia, acha, mpe mwingine. Akasema, mtoto ataona kimebaki." Akamgeukia Bi Vanila. "Tulikuwa tunakula kwa ajili yako, mjukuu wangu. Si kwa njaa. Hapa wali tunapata, maharage tunapata. Tungejua, tusingekula."

"Nisameheni," alisema Bi Vanila. "Bibi, nisameheni wote."

"Tutakusamehe," alisema Bibi Redio. "Lakini si leo."

Fundi aliushusha mfuko begani, akauweka chini ya kiti na kukaa. Kipande chake cha keki nyeupe kilikuwa nusu. Akakisogeza mbali kidogo kwa kidole. Aliyekaa kando yake akaweka kijiko juu ya sahani yake, na mwingine, na mwingine. Hawakuwa wakimkomoa. Walikuwa tu wamepoteza hamu, kama inavyotokea mtu akipewa habari mbaya mezani. Mama wa bima alitazama saa, akainuka, akasema atapiga simu, na Bi Vanila alijua kwa namna alivyosema kwamba hatapiga.

Akabaki peke yake katikati ya ukumbi. Wazee hawa walikuwa wamezimaliza keki zake zote zilizoungua, na ile nzuri imewashinda. Msimamizi alipita akikusanya sahani, akavirudisha vile vipande kwenye boksi, kimoja kimoja. Alikuwa dada mpole, na alipofika kwa Bi Vanila aliuliza kwa upole uleule.

"Tukufungie, uende nayo?"

Bi Vanila akasema ndiyo, kwa kuwa hakujua aseme nini kingine, akapokea boksi lake kwa mikono miwili.