Shada Upande wa Bibi Harusi

Mi-ryeong hakusahau. Nani angesahau? Miaka mitatu nyuma, yeye na mumewe Gi-tae walikuwa na hisa za Nurisan, kampuni ya michezo ya kompyuta, wakati Seoul nzima inabahatisha kama Wachina watanunua haki za mchezo wake. Ko Sang-pil, mwalimu wao wa soko la hisa mwenye wafuasi maelfu kwenye simu, aliwapigia mwenyewe. "Uza, dada. Mkataba umekufa." Wakauza kwa bei ya kutupa. Kumbe mnunuzi ni yeye! Wiki mbili baadaye mkataba ukatangazwa. Gi-tae akashikwa na ugonjwa wa moyo, akafa kabla baridi haijaisha. Sang-pil hakufika msibani, hakutuma hata ua moja. Mshenzi yule!

Sasa Mi-ryeong alikuwa akifanya kazi duka la maua, akifunga mashada marefu ya harusi na misiba, yenye utepe ulioandikwa jina la mtumaji. Wabahatishaji wa hisa huzisoma tepe hizo kama gazeti. Wakiona jina zito kwenye sherehe ya bosi, basi kuna biashara imeiva.

Jumamosi binti wa mwenyekiti wa Nurisan alikuwa anaolewa, na watu walikuwa wananong'ona juu ya mkataba wa mchezo wa pili. Kati ya oda kulikuwa na shada la Qinglu, kampuni ya michezo ya Shanghai, jina hilo tu kwenye utepe. Mi-ryeong alisoma oda mara mbili. Bwana harusi alikuwa mwajiriwa wao, na wenzake wa ofisini ndio waliomchangia. Shada lilitakiwa kusimama kulia, upande wa bwana harusi.

Ukumbini, akalisimamisha kushoto, upande wa bibi harusi.

"Mama, hili si la upande ule?" dereva akauliza.

"Wewe endesha gari. Maua niachie mimi."

Haukupita muda, Sang-pil huyo, suti inang'aa, simu mkononi. Hakumtambua nyuma ya barakoa.

"Shangazi, hebu sogea nipige picha. Hili kaletewa mwenyekiti, eti?"

Mi-ryeong akasogea kando. "Mimi nafunga utepe tu, bosi. Kusoma ni kazi yenu wasomi."

Sang-pil akacheka, akapiga picha tatu.

Jumatatu aliweka nyumba rehani, akanunua hisa za Nurisan mpaka adhuhuri. Alipokwisha kushiba ndipo akawarushia wafuasi ile picha. Wasimamizi wa soko wakaitaka Nurisan ijieleze, nayo ikajibu siku hiyohiyo: hakuna mkataba wowote, maua ni ya wenzake bwana harusi. Kesho yake bei ikaporomoka, waliomkopesha wakauza kila alichokuwa nacho. Wapo wafuasi wachache walioungua naye. Hilo lilimuuma Mi-ryeong, tusidanganyane, lakini si kiasi cha kujuta.

Alhamisi Sang-pil alifungua mlango wa ofisi akakuta shada la msiba, maua ya krisanthemumu meupe matupu. Akainama kusoma utepe, mazoea yana tabu. *Uza, kaka. Mkataba umekufa. Mjane wa Baek Gi-tae.*

"Nani kakutuma?" akamuuliza mleta maua aliyesimama kando.

Mi-ryeong akavua barakoa, akamnyooshea karatasi ya kupokelea mzigo.

"Weka sahihi hapa, mwalimu."