Pine Inayoliwa kwa Ndani

Hélène aliijua ile jeep mbele hata haijasimama. Nyeusi, kubwa kama nyumba, volan, ule usukani, iko kuume sababu ilivukia Kigoma. Kalemie zile za volan kuume ni nyingi, na wenye kuziendesha wako na woga mumoja: hawapende lori iwakwaruze, basi wanatembea wamejibandika kandokando ya barabara, na mapine ya kuume yanaangukia mashimo kila siku. Papa Germain alikuwa mumoja wao.

Alisimama mbele ya kado, kile kibanda cha kuziba mapine chenye marehemu baba yake Hélène alimuachia, akashusha kioo nusu.

"Mutoto, volan inanivuta kuume. Tia upepo mbiombio, naenda Niemba. Tunapeleka mahari ya mutoto wangu Bénit. Wakwe wa kule hawana muchezo, ukichelewa wanakulipisha mbuzi juu ya mbuzi."

"Ndiyo, Papa."

Kile kioo. Kilishuka nusu vilevile wakati wa mvua iliyopita, siku Annie, mudogo wake Hélène, alikuwa amelazwa kwa mukeka kando ya barabara, uchungu wa kuzaa umemushika, damu haisimame. Hélène njo alisimamisha jeep, mikono juu, mvua inamupiga. Papa Germain aliangalia mukeka, akasema: "Natoka kuosha viti. Mumutafutie pikipiki." Kioo kikapanda. Annie alikufia juu ya pikipiki, katikati ya watu wawili wanamushikilia, mutoto akingali tumboni. Kwa matanga Papa Germain hakufika. Hata salamu hakutuma.

Na leo Papa Germain hamujue Hélène hata sura.

Hélène akainama. Kwa inje ile pine ya mbele kuume ilikuwa inangaa, wameipakaa mafuta kama kiatu cha bwana harusi. Akaingiza mukono nyuma yake. Kwa ndani imeliwa mpaka nyuzi za chuma zimetoka. Hii haifike Niemba. Kwa muteremuko wa kwanza inapasuka.

Moyo ukamuambia: tia upepo, sema iko bien, aende zake. Ni yeye njo alisema mbiombio.

Akashika mupira wa pompi, akabaki nao mukononi. Nyuma ya jeep mbuzi za mahari zilikuwa zinalia. Halafu akaelewa kitu. Kufa ni jambo fupi. Annie alikufa, na kwa huyu papa mambo yakaisha palepale. Na yeye akikufa leo, yataisha tena. Hélène hakutaka yaishe.

"Papa, shuka. Naitoa."

Akapandisha jeep na kriki, akaiwekea mawe, akatoa pine moja, ya pili, mpaka zote, akaziviringisha ndani ya kibanda, akafunga kufuli. Djo, mwenye kuuza unite za simu pale jirani, akasogeza kiti chake ili aone muzuri.

"Mbaya ni moja," Papa Germain akasema. "Mbona unanivua yote?"

"Lete mukono, Papa."

Kwa ile mbovu, yenye aliiacha inje, akamupitisha vidole kwa ndani. Chuma zikamudunga. Alipoutoa mukono, tone la damu likaangukia shati yake nyeupe.

"Pole," Djo akasema. "Inatokaka na limau."

Papa Germain aliangalia nyuzi. "Umeniokoa, mutoto. Vika ile ya akiba, niende."

"Nitavika. Kwanza uniambie kitu kimoja. Yule mwanamuke wa mukeka, mwenye ulimuacha kwa mvua sababu ya viti vyako. Alikuwa anaitwa nani?"

Njo mara ya kwanza akamuangalia usoni.

"Ile siku mvua ilikuwa mingi..."

"Sikuulize mvua."

"Sikumujua."

"Basi enda umujue. Mapine yanakungojea."

"Nitaita polisi."

"Ita, Papa," Djo akasema. "Tutawaonyesha nyuzi, na tukimaliza tutawahadisia pia habari ya mukeka."

Watu walikuwa wameanza kujaa, na Papa Germain ni muzee wa kanisa. Akaanza kuuliza jina, muntu kwa muntu, nyumba kwa nyumba. Djo akamuambia: "Nani? Kwa hii barabara watu wanapita wengi." Mama muuza mikate akamuambia: "Yule wa damu? Uliza viti vyako." Watu wakacheka, lakini jina hakuna mwenye alilitoa. Simu yake ikawa inalia, ni Bénit mwenye alitangulia Niemba: wakwe wameketi, wanauliza baba yuko wapi.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mama Emilie, mama yao Annie na Hélène, mwenye alikuwa anaanika ndagala nyuma ya nyumba. Hakumufukuza. Alimuonyesha kibao cha kukalia, akaanza na asubuhi Annie alizaliwa. Kila Papa Germain akitaka kuinuka, yule mama anamuambia pole pole: "Kaa, baba. Bado hajaanza hata masomo."

Na huku Hélène anatumika kazi. Alirudishia mapine, ya nyuma akayaleta mbele, ya mbele kushoto akaipeleka nyuma, na ile ya akiba akaiweka pembeni yake. Akavuta nailo ya wavuvi kandokando ya jeep, akaona zile za mbele zinaangalia kila moja upande wake kama watu wenye wamegombana, akazinyoosha. Upepo akatia sawasawa kuume na kushoto. Haikuwa huruma. Alitaka hii jeep iishi miaka, na mwenyewe akiwa ndani.

Jua lilikuwa limelegea, Papa Germain akarudi na vumbi kwa suruali.

"Annie," akasema.

"Djo hajasikia."

"Annie. Annie wa Mama Emilie."

Hélène akashusha kriki. "Sasa sikia, Papa. Acha kushikamana na kandokando, tembea kwa barabara. Na kila mwezi uniletee, nabadilisha za nyuma na za mbele, napima na nailo. Bila hivyo zitaliwa tena kwa ndani, na hautaona. Na kila mwezi, mbele sijalegeza bulo ya pine hata moja, utasema lile jina."

"Na nikienda kado ingine?"

"Enda. Kado zote zinajua. Zitakuuliza vilevile."

Simu ikalia tena. Hakuijibu. Akawasha jeep, akaondoka katikati ya barabara, mbuzi zinalia nyuma, kuelekea wakwe wenye walikuwa wamekwisha kukunja mikeka. Hélène akaosha mikono. Kichwani alikuwa anatafuta tayari mwezi unaisha siku gani.