Kipanga Alipofunga Breki

Wenzake kikosini walimwita Kipanga, mwanzoni kwa kejeli, baadaye kwa mazoea. Alikuwa mwanamke wa kwanza nchini kukabidhiwa ndege ya kivita, na kwa miaka miwili alikuwa amepimwa kwa mizani yake peke yake: mwanamume akikosea, amekosea yeye, Kipanga akikosea, wamekosea wanawake wote.

Asubuhi ya maonyesho mbele ya waziri, ndege yake ikiwa inashika kasi kwenye njia ya kurukia, alihisi kitu. Haukuwa mlio hasa. Ulikuwa mtetemo mdogo uliompanda kutoka nyayoni. Saa zote za vipimo mbele yake zilionyesha mambo shwari. Alikuwa na sekunde mbili za kuamua. Akakata nguvu ya injini, akafunga breki, parachuti ya nyuma ya kupunguza kasi ikafunguka, na ndege ikasimama hatua chache kabla ya lami kwisha. Magurudumu yalikuwa yanafuka moshi.

Kamanda hakumgombeza. Alimwambia tu akabidhi kofia yake ya urubani mpaka uchunguzi uishe, na hilo lilimuuma kuliko matusi.

Siku ya kwanza mafundi hawakuona kitu. Siku ya pili vilevile. Katika bwalo la chakula mazungumzo yalikatika kila alipoingia. Rubani mmoja alisema, bila kupunguza sauti, kwamba woga nao ni ugonjwa, injini isisingiziwe. Kipanga alikula akamaliza.

Nyumbani, mama yake, mshonaji, alimsikiliza huku cherehani ikikimbia. Kipanga alimweleza kwamba huenda aliogopa macho ya watu, mwili ukajitafutia kisingizio. Mama akasimamisha cherehani.

"Uliogopa?"

"Sijui, mama. Ndiyo maana sina raha."

"Basi ngoja ujue, mwanangu. Usikiri kosa kwa sababu tu watu wamechoka kungoja."

Siku ya tatu fundi mkuu, mzee waliyemwita Spana, alimtaka amwonyeshe kwa mkono jinsi mtetemo ulivyokuwa. Kipanga aliona aibu, lakini akagonga meza kwa vidole: haraka haraka, pengo, kisha haraka tena. Mzee akafumba macho.

"Rudia."

Akarudia. Spana akaondoka bila kuaga, akaamuru injini ishushwe na ifunguliwe yote.

Kesho yake Kamanda alimwita karakanani. Mezani palikuwa na bapa moja la chuma, mojawapo ya yale yanayozunguka ndani ya injini, lina ufa mwembamba kama unywele. Spana alieleza kwamba lingekatika angani na kuipasua injini nzima. Yule rubani wa maneno ya bwaloni alilitazama, kisha akatazama viatu vyake.

Kamanda akamrudishia Kipanga kofia.

"Ningekuwa mimi ningeruka," alisema polepole. "Waziri alikuwa anatazama."

Jumatatu akapewa ndege nyingine. Ndege ikishika kasi, alipofika pale alipofunga breki siku ile, alitega masikio mpaka kichwa kikamuuma. Hakusikia kitu, na hilo halikumtuliza. Hata hivyo akavuta usukani, akapaa.

Aliruka miaka tisa zaidi, akaishia kuwa mkufunzi. Wanafunzi walipomuuliza kama hofu ya siku ile aliyofunga breki iliwahi kumwacha, aliwajibu kwamba haikumwacha hata siku moja.