Upande wa Wanaume

Tangu kiharusi kimpige, mama hakubakiwa na neno hata moja, ila kipande cha wimbo. Siyo maneno yake, hapana: mguno tu wa ngoma fulani ya zamani, unakwenda vizuri, mara anaukata. Akishaukata anakaza macho mlangoni, anangoja. Akiona kimya, chozi linamtoka, anageukia ukuta.

Binti yake alikuwa fundi cherehani, na alishonea chumba hichohicho ili asimwache peke yake. Mambo haya yalimkata maini. Daktari alishasema wazi kwamba wajiandae. Basi fundi akajiapiza: mama haondoki duniani na wimbo nusu. Kasahau mwisho wake, maskini, mwisho utatafutwa.

Utatafutwa wapi sasa? Alimrekodi kwenye simu, akawa anamsikilizisha kila mteja anayekuja kupimwa. Muuza vitambaa aliapa kuwa ni ngoma ya harusi. Mpiga tarumbeta wa jirani akabisha, akasema ya mavuno, tena akaupigia mwisho wa kujitungia mwenyewe. Mama akamtazama kama mtu aliyemletea chai ya jana. Fundi akarudi kukanyaga cherehani huku analia, mishono inakwenda upogo.

Mwishowe akampigia simu mama mkubwa, dada wa mama yake, mwanamke asiyejua kubembeleza. Akamwekea ile rekodi.

"Hivi wewe mtoto una nini?" mama mkubwa akafoka. "Nani kakwambia kasahau? Huo ni upande wa wanawake, na unaishia hapohapo. Tulikuwa tunacheza mistari miwili, tunatazamana. Sisi tukimaliza, wanaume wanaitikia kwa sauti yao, kisha sisi tunaanza tena. Mama yako anangoja kuitikiwa."

"Aitikiwe na nani?"

"Na aliyekuwa anasimama mbele yake. Baba yako, nani mwingine?"

Loh! Fundi alikaa chini. Baba huyo aliaga siku moja kwamba anakwenda kununua kiberiti, akaenda kukiwasha kwenye nyumba nyingine. Na fundi alishasema mbele ya watu kwamba mguu wa mtu yule hautakanyaga kizingiti chake. Sasa akameza hasira, akajitanda mtandio, akaenda mpaka kwenye ghala ambako mzee alikuwa mlinzi.

"Shikamoo," akasema, shingo upande.

"Marahaba, mwanangu." Mzee alisimama, kofia mkononi, akamsikiliza bila kumtazama usoni.

Jioni ileile akaja, na sare yake ya ulinzi. Mama alipomwona hakushtuka, hakununa. Aliguna upande wake mpaka mwisho, akangoja.

Mzee akafungua kinywa. Hakikutoka kitu.

"Nilikuwa naujua," akanong'ona. "Haki ya Mungu, nilikuwa naujua."

Mama akaanza tena, polepole zaidi, kama anamfundisha mtoto. Mzee akatikisa kichwa, machozi yanaingia kwenye ndevu. Mama hakuanza mara ya tatu. Aligeukia ukuta.

"Miaka yote hii," fundi akasema, "hata kitu hicho kimoja kimekushinda kutunza?" Akamfungulia mlango.

Asubuhi mama hakuamka.

Jua lilipopanda, majirani walikuwa wameshajaa, viti vimepangwa nje, cherehani imesukumwa kando na kufunikwa shuka. Ndipo sauti nene ikasikika barabarani, inakuja mbio. Alikuwa mzee, shati limefungwa kifungo kimoja, anaimba, anapiga mguu chini kila penye kituo. Hakutaka kupumzika hata kidogo, maana aliogopa akinyamaza wimbo utamponyoka tena. Viti hakuviona.

"We mzee, una wazimu? Huoni kuna msiba?" Wanaume wawili wakamshika mikono.

"Mwacheni," fundi akasema kutoka ndani.

Mzee akafika mlangoni, akaona kitanda, akaona shuka jeupe lililomfunika mama, na bado mdomo ukaendelea wenyewe mpaka wimbo ukaisha. Akamkazia macho binti yake, akangoja.

Fundi alikuwa anaujua upande wa wanawake kuliko hata jina lake. Akafungua kinywa. Hakikutoka kitu.