Kitanda Namba Kumi na Tano

Natangaza rasmi, mbele ya walimu, wapishi na mbwa wa mlinzi, kwamba usiku wa jana niliota ndoto yenye manufaa kwa taifa zima. Vizazi vitakavyokuja vitaisimulia. Ilihusu fyuzi.

Kwanza nieleze nililala na nini moyoni. Jumatano nilificha kengele ya shule ndani ya pipa la maharage, na shule nzima ikachelewa vipindi kwa furaha kubwa. Adhabu yangu ikawa kuliandaa gari la Matroni wetu, Bi. Nakijwa, gari dogo jekundu ambalo sisi wavulana tunaliita Pilipili. Jumamosi asubuhi angeshuka nalo milima ya Lushoto hadi Korogwe kumwona mjukuu wake wa kwanza, aliyekuwa na umri wa siku tatu. Alinipa ndoo, kitambaa laini, kikopo cha nta ya gari, na maagizo: nioshe kivulini, nisitumie sabuni ya unga, nisisugue kwa kitu kikali, na nyaya nisiziguse hata kidogo.

Nikasema, "Ndiyo, Matroni," kwa sauti ya mtu anayeaminika.

Ijumaa nililiosha saa saba mchana, juani, kwa sabuni ya unga na stilwaya ya jikoni. Ndivyo tunavyosugua masufuria, na sijawahi kusikia sufuria likilalamika. Boneti ikajaa michirizi ya duara, duara juu ya duara. Nikaona bora niifiche kwa nta nyekundu ya sakafu ya bweni. Sasa, bwenini kwetu sakafu haing'arishwi kwa mikono. Unakanyaga kipande cha blanketi na kuteleza nacho huku na huko mpaka saruji ikuoneshe meno yako. Sikuona kwa nini gari linyimwe heshima hiyo. Nikavua viatu, nikapanda juu ya boneti, halafu juu ya paa.

Kisha kulikuwa na suala la simu. Simu shuleni kwetu ni marufuku, na umeme ulikuwa umekatika tangu Alhamisi, kwa hiyo nilikuwa na kitu kilichokatazwa ambacho pia kilikuwa kimezima. Nilifungua kisanduku cha fyuzi chini ya usukani, nikachomeka nyaya mbili za chaja kwenye njia ya taa za mbele. Nyaya zikagusana. Pwa. Taa zikafa. Fyuzi iliyoungua ilikuwa ya bluu, imeandikwa 15. Niliitupa kwenye shimo la taka nyuma ya jiko, ambako moto hauzimiki. Mahali pake nikapachika karatasi inayong'aa ya kufungia chingamu, nimeikunja mara nne. Taa zikawaka. Nikajipongeza, nikaunga nyaya zangu upya.

Nikalala. Nikageuka. Nikageuka tena. Ngonyani, anayelala kitanda cha juu yangu, akasema nikigeuka mara nyingine atashuka anilalie.

Ndipo ndoto ikaingia, bila kubisha hodi.

Ni mchana. Niko kwenye paredi, peke yangu, nimevaa sare na miguu mitupu. Pilipili anakuja kunikagua. Amekunja vioo vyake vya pembeni nyuma, kama mwalimu aliyefunga mikono mgongoni.

"Wewe ndiye Shemdoe?"

"Ndimi."

"Uso wako una uchafu."

"Siyo uchafu. Ndiyo rangi yangu."

"Na mimi jana nilisema hivyo hivyo," akasema Pilipili.

Akaamuru nioshwe. Nikamkumbusha, kwa adabu, kwamba maagizo ya Matroni yanataka kivuli. Akakubali kwamba maagizo ni maagizo, akanituma nikalete kivuli. Kilikuwa stoo ya magodoro, kimekunjwa vizuri: kivuli kizima cha msonobari, kina unyevu, kizito kuliko godoro la mwanafunzi mpya aliyekojoa. Nikakibeba begani. Kila nilipokitandika chini, kilikunja pembe na kurudi mlangoni. Nikakifukuza paredi nzima. Mwishowe kikanieleza kwamba kiliniita jana saa saba nami sikuitika, kwa hiyo leo kina shughuli.

Nikaoshwa juani. Pilipili alikuwa na stilwaya. Alianzia kifuani, kwa duara.

"Inauma," nikasema.

"Masufuria hayalalamiki."

"Mimi siyo sufuria."

Pilipili akaifikiria hoja hiyo. Akasema ni hoja nzuri sana, na kwamba angefurahi kama mtu angeitoa Ijumaa. Akaendelea. Kisha akaleta kipande cha blanketi, akakikanyaga kwa magurudumu mawili ya mbele, akapanda mgongoni kwangu, akaanza kuteleza. Huku, huko. Huku, huko. Nikang'aa. Sitaki kusema uongo, niling'aa.

Bila mtu yeyote kunihamisha, sasa niko ndani ya bweni. Ni bweni letu, isipokuwa kuta ni za plastiki nyeusi na dari ni kifuniko chenye picha ndogo ndogo za taa, honi na vifagio vya kioo. Hakuna utulivu humu ndani. Chini ya sakafu kitu kinavuma, vuuu, kama nyuki walioambiwa wasubiri. Kwenye vitanda wamelala njuka, wanafunzi wapya wadogo wadogo, kila mmoja ana namba kifuani: wekundu kumi, wa bluu kumi na tano, wa njano ishirini. Ukimmulika mmoja wao unaona hadi ndani, na ndani yake kuna uzi mmoja tu mwembamba wa chuma.

Kiranja wa bweni ni Betri. Ni mfupi, mnene, mzito wa kutembea, ana kofia mbili, nyekundu upande huu na nyeusi upande ule. Masikioni ana unga mweupe, kama mtu aliyetoka kusaga mahindi. Natamani kumwambia, lakini ni kiranja.

"Hujalala vizuri," nikamwambia.

"Kuna mtu ananinyonya tangu jana," akasema Betri. "Kidogo kidogo. Hakohoi, hashukuru."

Nikaangalia pembeni. Pembeni nako kulikuwa na Betri.

Akaita mahudhurio. Akamwita wa honi, naye akaitika kwa nguvu mno. Akamwita wa vifagio vya kioo, akaitika huku akitikisa kichwa kushoto na kulia. Akafika kitanda namba kumi na tano, kitanda cha taa za mbele. Hapo hakuna aliyeitika. Juu ya kitanda amejilaza mgeni, mwembamba, anang'aa mwili mzima, ananukia mnanaa. Anatabasamu. Namba hana.

"Huyu nani?" akaniuliza Betri, kana kwamba bweni ni langu.

"Ni mwenzetu. Anafanya kazi vizuri. Taa zinawaka."

"Mwenye kitanda yuko wapi?"

"Aliungua."

"Najua aliungua. Hiyo ndiyo kazi yake. Humu ndani kila mmoja amekuja kwa kazi moja, kufa wa kwanza. Moto ukizidi kwenye waya, uzi wake unakatika, moto unaishia kwake, wengine wanaamka salama." Akamwelekea mgeni. "Wewe, moto ukizidi unafanyaje?"

"Naupitisha," akasema Karatasi ya Chingamu.

"Ukizidi zaidi?"

"Naupitisha zaidi. Mimi sina mpaka, kiranja."

Njuka wote wakavuta blanketi hadi puani. Nikajaribu kumtetea. Nikasema mtu asiyekata tamaa ni mfano wa kuigwa, na kwamba sisi shuleni tunahimizwa hivyo kila Jumatatu. Betri akanisikiliza hadi mwisho, unga ukimdondoka sikioni.

"Asipokatika yeye," akasema, "inaungua nyumba."

Mlango ukafunguka akaingia Fyuzi ya bluu, ile yenyewe. Alikuwa mweusi tumboni, uzi wake umekatika katikati, na alinuka shimo la taka. Alikuwa ametembea kutoka nyuma ya jiko kwa miguu yake miwili mifupi ya bati. Nilitegemea atanitukana. Hakunitukana. Aliuliza tu kama Matroni ameshaondoka.

"Bado," nikasema.

"Kuna ukungu leo?"

"Ukungu upo kila siku. Hapa ni Lushoto."

"Basi atawasha taa," akasema Fyuzi, akakaa chini.

Na sakafu ikainama. Bweni zima likaanza kuteremka. Vitanda vikasogea mbele, vikarudi nyuma; tuko barabarani, tunakata kona, bonde liko kushoto, halafu liko kulia, halafu liko juu yetu. Kwenye kiti cha mbele yuko Bi. Nakijwa, amevaa khanga zake mpya, mkanda umemfunga yeye na chupa ya chai. Pembeni yake kuna furushi la nguo za mtoto, za njano, zimefungwa kwa utepe. Anaimba peke yake wimbo wa kubembeleza, anajaribu sauti, anaona haijakaa sawa, anaanza upya. Ukungu umeziba kioo chote kama mtu ametundika shuka.

Namwita. Sauti yangu inatoka kwenye redio, na inasoma hali ya hewa.

Anapeleka mkono kwenye swichi ya taa.

"Mtoe mgeni," nikamwambia Betri. "Mtoe haraka."

"Mtoe wewe. Wewe ndiye uliyemleta."

Nikamshika Karatasi ya Chingamu mguuni nikavuta. Alikuwa mwepesi, alikuja akitabasamu, hakuacha kutabasamu hata nilipomkunja mara ya tano. Lakini sasa kitanda kilikuwa tupu, na njuka wote waliniangalia mimi. Nikaelewa. Nikapanda. Nikalala chali kwenye kitanda namba kumi na tano, miguu kwenye tundu moja, kichwa kwenye jingine. Kilinibana kila mahali.

"Uzi wako una unene gani?" akauliza Betri.

"Sijui. Sijawahi kupimwa."

"Leo utajua."

Swichi ikalia, tik. Vuuu ya chini ya sakafu ikapanda miguuni, ikafika magotini, moto, ikafika tumboni. Fyuzi ya bluu akaja akanipa mkono wake, mdogo, wa baridi. Nikaukamata kwa nguvu zangu zote.

Nikaamka. Kulikuwa kumepambazuka, kijivu, ukungu umeingia hadi dirishani. Ngonyani alikuwa anakoroma. Ngumi yangu ya kulia ilikuwa imefungwa mpaka vidole vinauma. Nikaifungua, kidole kimoja kimoja. Ndani yake mlikuwa na fyuzi ya bluu, nyeusi tumboni, imeandikwa 15. Ilikuwa na majivu.

Nje, gari likaunguruma.

Nilitoka na shuka. Sikumbuki ngazi. Nilipofika uwanjani Pilipili alikuwa anaelekea getini taratibu, na kupitia kioo niliona mkono wa Matroni ukienda kwenye swichi. Nikasimama katikati ya njia, nikatandaza shuka kwa mikono miwili kama mchuuzi wa mapazia. Gari likasimama, hatua mbili toka magotini pangu.

"Usiwashe taa, Matroni. Shikamoo."

Bi. Nakijwa akazima gari, akashuka. Khanga zilikuwa zile zile. Furushi lilikuwa la njano.

"Marahaba, Shemdoe. Umekuwa trafiki?"

Nikafungua kinywa nianze na hotuba. Nilikuwa nimeiandaa njiani: kwamba kama raia mwema nimegundua hitilafu, kwamba huenda kuna panya. Lakini yeye hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa anaangalia boneti. Umande ulikuwa umeiangukia, na kila palipokuwa na nta ya sakafu maji yamekusanyika kwa matone makubwa. Pasipo na nta yametandaa. Picha ilikuwa safi kabisa: nyayo, za mtu mmoja, vidole vitano vitano, zinatoka kwenye taa, zinapanda kioo, zinazunguka paa mara mbili, zinarudi.

Akaniambia ninyanyue mguu. Nikanyanyua. Unyayo wangu ulikuwa mwekundu kama sakafu ya bweni. Akaulinganisha na boneti, bila haraka, kama fundi viatu.

"Endelea," akasema. "Ulikuwa unasema kuhusu taa."

Nikampa fyuzi. Nikamwambia iliyoko mahali pake ni karatasi ya chingamu. Akaangalia barabara inavyoteremka na kupotea kwenye ukungu, akaangalia furushi kwenye kiti. Mkono wake ukashika mlango wa gari. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana hakupiga kelele.

"Kwa nini ulifungua huko, mwanangu?"

"Kuchaji simu, Matroni."

"Simu iko wapi?"

Kuna wakati mtu anaweza kuwa jasiri na bado akatamani ardhi imfiche. "Chini ya kiti chako," nikasema. "Bado inachaji."

Akainama, akaivuta na nyaya zake. Akaitazama kioo. "Imejaa," akasema. Kisha akakumbuka kwamba ya kwake imezima tangu Alhamisi, akabonyeza namba za bintiye alizozishika kichwani, akaweka sikioni, huku mkono mwingine umenishika kola ya pajama.

"Nitachelewa kidogo, mama. Mpaka aje fundi. Hapana, mimi mzima. Ni kwamba huku nako kuna mtoto mchanga, bado hajajua kuvaa viatu." Akasikiliza. Akanigeukia. "Anauliza amefanya nini."

"Nianzie wapi, Matroni?"

"Mwanzo."

Nikaanza na kengele kwenye pipa la maharage, hiyo nikaimaliza haraka. Jua lilipotoboa ukungu, na shule nzima ikiwa imesimama madirishani na miswaki mdomoni, nilikuwa bado nimo kwenye sehemu ya stilwaya.