Mkono wa Kushoto wa Arnobio

Majirani waliliita gari la Rubiela Ocampo gari la madereva wawili, na hawakukosea. Usukani na pedali vilikuwa vyake. Breki ya mkono ilikuwa ya mumewe, Arnobio, aliyeketi kulia kwake huku mkono wa kushoto ukiwa juu ya kile chuma, kama mtu aliyeshika fimbo yake mwenyewe. Walipofika kwenye taa za barabarani katikati ya mlima, na Manizales ni mji wa Kolombia ambao taa zake nyingi ziko katikati ya mlima, Arnobio alivuta. Taa ikigeuka kijani, Rubiela alikanyaga mafuta na kuiachia klachi taratibu, naye Arnobio, aliyeusikiliza mtetemo wa injini kwa mgongo na nyayo zaidi kuliko kwa masikio, aliishusha breki pale pale gari lilipotaka kwenda. Halikurudi nyuma hata shibiri.

Zamani Arnobio alikuwa dereva wa malori ya kahawa. Alipomfundisha mkewe kuendesha, aliishika breki kwa hofu. Miaka ilipopita na ugonjwa wa presha ya macho ukaanza kumla nuru, aliishika kwa sababu nyingine: ndiyo sehemu pekee ya udereva aliyobakiwa nayo. Sasa aliiona dunia kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Rubiela, kwa upande wake, hakuwahi kujiuliza kama angeweza kuupanda mlima peke yake. Watu wanaokula sahani moja hawaulizani nani angeshiba bila mwenzake.

Kisha kutu ikaila sakafu ya gari lile, wakaguzi wakalikataa, na binti yao Marleny akapanda kutoka mji wa Pereira kuja kulimaliza jambo.

"Mama, nimewatafutia gari zuri, halina hata klachi," alisema. "Lakini tusidanganyane. Mkishindwa na hili, nyumba tunaiuza, mnakuja kukaa na mimi. Kule kwetu barabara zimelala kama mkeka."

"Nyumba hii baba yako aliijenga kwa mikono yake," Rubiela akasema.

"Najua. Ndiyo maana iko kwenye ukuta wa mlima badala ya kuwa kiwanjani."

Arnobio alicheka, kwa kuwa hakudhani kwamba binti yake alikuwa amemaanisha.

Safari ya kwanza ilikuwa ya kwenda kliniki ya macho. Arnobio alijifunga mkanda, akaliweka miguuni gogo lake la kuzuia tairi, lile alilolibeba katika kila gari tangu ujana wake, kisha akapeleka mkono wa kushoto mahali pake. Mkono ukatumbukia katika kishimo cha kuwekea kikombe.

"Breki iko wapi?"

"Ni kitufe, baba Marleny. Hiki hapa." Rubiela alikichukua kidole chake na kukiweka juu ya kipande cha plastiki kisichozidi punje ya harage.

Arnobio alikipapasa kwa muda. "Hiki? Hiki hata mbu hakimzuii."

Waliteremka salama. Wakati wa kurudi, kwenye taa ya kwanza ya mlima mkali, Rubiela alisimama, na injini ikanyamaza. Haikukohoa wala kutetemeka kama injini inayozimika kwa kukosa mafuta. Ilikoma tu, kama mtu aliyekatizwa maneno. Marleny alikuwa amemweleza mama yake kwamba gari hujizima likisimama ili kuokoa mafuta. Rubiela alikuwa ameitikia kwa kichwa, wala hakukumbuka kumwambia mumewe.

"Imezima!" Arnobio akapiga kelele. Mkono wake ulizunguka baina ya viti ukitafuta chuma, ukapata vishimo, ukapata hewa. "Kanyaga, Rubiela, kanyaga! Nakwenda kuweka gogo!"

Kabla hajajibiwa alikuwa amekwisha kufungua mlango na kushuka barabarani, gogo mkononi, kati ya pikipiki zilizokuwa zikijipenyeza. Rubiela akaufungua mkanda ili amdake. Hapo, nyuma ya gari, kukasikika mlio mfupi kama wa kinu kidogo cha umeme, na taa nyekundu ya breki ikawaka mbele yake. Mkanda ulipofunguka, gari lilikuwa limejifunga breki lenyewe. Taa ya barabarani ikageuka kijani, na honi zikafumuka.

Dereva wa basi alitoa kichwa dirishani. "Mama, kama mzee amekuwa mzigo, mshushe nyumbani! Hapa si stoo!"

"Wewe mtoto!" Arnobio akajibu, amenyoosha gogo kama rungu. "Milima hii niliipanda na tani kumi kabla baba yako hajaota meno!" Aliyasema hayo akiuelekea mlingoti wa taa, na hilo ndilo lililomuuma Rubiela kuliko matusi.

Tangu siku hiyo Arnobio alikataa kuingia garini. "Gari linalokata roho kila likisimama ni mgonjwa," alisema. "Mimi mwenyewe ni mgonjwa. Wawili ni wengi." Miadi ya pili ya kliniki ikapita yeye akiwa kitini, redio ikiwa sikioni. Fanory, mwanamke jirani wa nyumba ya chini, alimpigia Marleny simu kumweleza hayo, kwa nia njema, kama afanyavyo mambo yake yote, na Marleny akatuma ujumbe mfupi: angekuja Jumapili, na wangezungumzia nyumba.

Rubiela alitumia siku zilizobaki kuendesha peke yake. Alipanda na kushuka mtaa wao, akasimama pale penye mwinuko mkali kuliko pote, akaondoa mguu kwenye breki. Gari lilibaki limejishikilia kama kupe. Akakanyaga mafuta, likapanda bila kigugumizi. Aligundua pia kitufe chenye herufi iliyozungukwa na mshale: ukikibonyeza, injini haijizimi tena. Kasoro yake ni kwamba kila gari lilipowashwa upya lilisahau, kama mtu aliyeapa kuacha pombe akiwa amelewa, na ilibidi likumbushwe tena. Alirudi nyumbani bila kosa lolote, lakini furaha aliyoitarajia haikuja. Hakujua kama aliyeupanda mlima ni yeye au ni gari.

Fanory alikuwa na shauri. "Mwambie Mzee Arnobio avute kile kitufe mkifika kwenye taa, na akishushe mkiondoka. Kwani atajua kuwa gari limekwisha kujishika?"

"Hatajua."

"Basi tatizo liko wapi? Mwache afurahi. Wanaume wote wanaendeshwa hivyo hivyo."

Rubiela alicheka, na usiku kucha shauri lile halikumtoka. Lilikuwa shauri la huruma. Lakini kadiri alivyoligeuza, ndivyo alivyoona kwamba ni kama kumpa mtoto usukani wa kuchezea. Mtu ambaye macho yamemwacha huishi kwa kuamini anachoambiwa. Kumwambia uongo kungekuwa kumzimia taa ya mwisho.

Asubuhi alimwekea kikombe cha maji ya moto ya sukari guru, na kipande cha jibini ndani yake kama ilivyo desturi ya kwao, akaketi.

"Baba Marleny, nikuambie kweli. Lile gari halihitaji mkono wako mlimani. Linajishika lenyewe, na linajiachia lenyewe. Nimelijaribu."

Arnobio aliitafuta jibini kwa kijiko. "Na injini?"

"Inalala. Nikiinua mguu inaamka. Ukitaka, kipo kitufe cha kuizuia isilale."

"Basi mimi naingia humo kufanya nini?"

Rubiela alimsogezea kikombe karibu. Kisha Arnobio, kwa sauti ya mtu anayekagua lori kabla ya safari, akauliza, "Na wewe ukizimia?"

"Nini?"

"Una presha. Ukizimia hapo kwenye usukani, gari linakwenda, nani atalisimamisha? Hicho kiharage chako kinashika likiwa kwenye mwendo, au kinashika likiwa limelala tu?"

Rubiela alikiri kwamba hajui.

"Hujui," Arnobio akasema, na kwa mara ya kwanza wiki ile alinyoosha mgongo. "Basi hujalijaribu."

Jumapili Marleny alipofika, aliwakuta wote wawili wamekwisha kujifunga mikanda.

"Tunakwenda wapi? Nilisema tuzungumze."

"Panda nyuma," baba yake akamwambia. "Tutazungumza huko huko."

Walikwenda hadi eneo la kuegesha magari karibu na uwanja wa mpira, ambalo lilikuwa tupu. Rubiela alinyoosha gari, akaongeza mwendo kidogo. "Uko tayari?" aliuliza. Arnobio alikivuta kitufe kwa vidole viwili na kukishikilia.

Gari liliinamisha pua, likaguna chini kwa chini, likasimama kama lililokanyagwa na jitu. Mkoba wa Marleny uliruka baina ya viti na kumwaga funguo na vipodozi hadi mbele.

"Baba! Unataka kuniua?"

"Nataka kujua kama naweza kutokukuua." Aliachia kitufe, akakipapasa tena, safari hii kwa adabu. "Kinashika, Rubiela. Kinashika kuliko kile chuma cha zamani."

"Nyie wazee mmerukwa na akili," Marleny akasema, nusu analia, nusu anacheka. Rubiela alizima gari ili wakusanye vitu vilivyotapakaa, kisha akaliwasha, akashika njia ya kurudi nyumbani. Kwa sababu ya makelele hayo, alisahau kukibonyeza kitufe cha kuizuia injini isilale.

Alilikumbuka hilo kwenye taa ya mlima mkali, wakati injini iliponyamaza. Magari matatu yalikuwa nyuma yao. Kwenye kioo aliuona uso wa binti yake ukimtazama baba yake, na akaona pia, pembeni mwa jicho, mkono wa kulia wa Arnobio ukielekea kwenye mlango.

Rubiela angeweza kumwambia atulie, lakini neno hilo lingemsaidia Marleny kuamua kuiuza nyumba.

Mkono wa kulia uligusa kitasa, ukakaa hapo. Wa kushoto ulikuwa juu ya kitufe.

"Mguu uko kwenye breki?" Arnobio akauliza.

"Uko."

"Imelala," Arnobio akamwambia Marleny bila kugeuka, kama anayemtambulisha mgeni. "Haijafa. Usipige kelele."

Katika kimya kile zilisikika kengele za misa na muuza parachichi aliyekuwa akinadi bidhaa yake mtaa wa juu, sauti ambazo katika gari la zamani zisingewafikia. Taa ikageuka. Rubiela aliinua mguu, injini ikaamka, naye akakanyaga mafuta. Walipanda. Arnobio aliuondoa mkono kwenye mlango na kuurudisha pajani, ila wa kushoto aliuacha ulipokuwa hadi juu.

Nyumbani Marleny alishuka wa kwanza. Alisimama barabarani mikono kiunoni, akaitazama nyumba iliyong'ang'ania ukuta wa mlima, kuanzia ngazi hadi paa. Rubiela alingoja garini, hana haraka ya kusikia.

"Mama," Marleny akasema hatimaye, "ule mfereji wa paa umepasuka. Nitamtuma fundi kabla mvua za Oktoba hazijawakuta humo."

"Fundi wa nini?" Arnobio akauliza, akiteremka kwa kupapasa mlango. "Mwulize kwanza kama anaogopa urefu. Wa mwaka jana alilia."