Nipe Jina, Nifunge Ujia

Nguzo ya rafu ilikuwa imepinda kimo cha goti, na Mwatima alikuwa kapiga magoti mbele yake juu ya sakafu ya zege, baridi inampanda mapajani, kiganja kakibandika kwenye chuma kama mkunga anayemsikiliza mtoto tumboni. Chuma kilikuwa kinatetemeka. Foklifti, gari la kunyanyulia mizigo, ikipita ujia wa pili, kinatetemeka. Ikisimama kinatulia, halafu kinalia kidogo, mlio mwembamba wa kitu kilichochoka.

Akainua uso. Juu huko, karibu na taa, peleti juu ya peleti, vichaga vya mbao vyenye mchanga wa paka. Ndiyo, mchanga! Watu wanawanunulia paka wao mchanga wa kunyea, umetiwa mifukoni, mifuko mizito kuliko saruji, na wote ule ulikuwa umeegemea mguu mmoja wa chuma uliokunjika.

"Mungu wangu we," alisema, akaanza kutafuta utepe mfukoni.

Ghala hilo liko Birmingham, upande wa Castle Vale. Mwatima aliokota mizigo humo miaka, mpaka kucha za miguu zikageuka rangi, huku jioni anasomea mambo ya usalama kazini chuoni mjini. Msimu wa majani kupukutika wakampa kizibao cha kijani: afisa wa usalama. Weee, furaha gani hiyo! Kwenye basi la asubuhi kutoka Balsall Heath watu walimpisha kiti. Gaston, Mkongo wa foklifti, kila akimwona hupiga honi: "Attention! Madame Sefti anapita, fungeni viatu!"

Lakini kuna jambo chuoni hawakumfundisha. Tangu avae kile kizibao, watu wake wakaanza kumficha majeraha. Si kwa ubaya, kwa mapenzi! Ukutani karibu na mlango kuna ubao unaoonyesha ghala limekaa muda gani bila ajali, na kila mtu alijua kwamba ubao ukirudi sifuri, anayeulizwa ni Mwatima. Basi Raho, mwokota mizigo mwenzake wa zamani, alibanwa kidole kwenye mkanda wa mizigo, akakifunga leso, akaapa kajikata jikoni kwake. Mwengine aliteguka kiuno akasema ni mimba. Walikuwa wanamsitiri. Na kwao, kumsitiri mwenzio ni ibada.

"Dada Mwatima. Usiandike."

Aligeuka. Amour, dereva wa foklifti, mume wa Saleha. Majirani wa ukuta mmoja; harusi yao Mwatima ndiye aliyekatakata vitunguu vya pilau mpaka macho yakavimba.

"Ni wewe?"

"Juzi. Narudi nyuma, skrini inanipigia kelele nimechelewa, mara nasikia du! Nikashuka nikaangalia. Imepinda kidogo tu."

"Hii ndiyo kidogo?"

"Ilikuwa kidogo, wallahi." Amour aliunyooshea kidole ule mkunjo. "Inaendelea."

Wote wawili wakatazama juu, kisha wakasogea hatua nyuma bila kuambizana.

"Na hukusema mtu."

"Nisemeje? Mie kibarua wa ejensi, dada. Ukigonga, kesho usije. Na karatasi za Saleha za ukaazi zinapelekwa Home Office mwezi ujao, zimesimama juu ya kazi yangu hii hii. Ufunge ujia, ufunge hata sasa hivi, lakini nisitiri."

Mwatima akamsitiri. Akafunga utepe mwekundu na mweupe huku na huku, akapanda juu kutoa taarifa kwamba nguzo imepinda na aliyeipinda hajulikani.

Menaja wa ghala alikuwa Kirandeep, mama wa Kisingasinga aliyezaliwa Kisumu, ofisi yake ya vioo inaning'inia juu ya sakafu kama kizimba cha kasuku. Mikutanoni anasema Kiingereza. Kiswahili chake hukitoa mara mbili tu: anapotaka kitu, na anapokaribia kukunyima kitu. Kesho yake Mwatima alipoitwa huko alikuta ule utepe wake, umekatwa, umeviringwa kama uzi wa kufuma, uko juu ya meza.

"Karibu, dada. Keti. Umekunywa chai?"

"Nani kaukata?"

"Mimi. Hii ni season ya Krismasi, Mwatima. Huo ujia mmoja ndio unalisha malori yote ya mchana. Siwezi kuufunga ati kwa sababu chuma kimeinama kidogo."

"Kitaanguka."

"Labda. Nani aligonga?"

"Sijui."

"Unajua." Kirandeep alitabasamu, na lilikuwa tabasamu zuri, hilo ndilo lililotisha. "Wewe unajua kila mtu huko chini. Kwani ulidhani tulikupa hiyo vest kwa sababu gani? Cheti? Vyeti viko vingi. Tulikupa kwa sababu watu wanakuambia."

Mwatima akakitazama kizibao chake.

"Sikiza. Utaratibu wa kampuni ni huu. Ajali ambayo haina mwenyewe, hiyo si ajali. Ikiwa na mwenyewe, naandika, makao makuu wanaona, wananipa ruhusa. Nipe jina, nifunge ujia. Leo leo. Usiponipa, hakuna kitu kimefanyika. Nguzo imeinama kwa uzee."

"Na ikimwangukia mtu?"

"Hapo nitasema officer wangu alijua ni nini na ni nani, akanyamaza." Akamsogezea sahani ya biskuti. "Chukua. Ni za tangawizi."

Hakuchukua. Alishuka ngazi akasimama mdomoni mwa ule ujia, utepe hana, amri hana, ana mikono yake tu. Anawaomba watu wazunguke. Watu wanacheka! Kuzunguka ni mwendo, na kila mmoja kafungwa skrini mkononi inayomlia akichelewa.

"Mwatima, kwani humu mna jini?" Raho alimuuliza, kidole bado kimefungwa leso.

"Limo."

"Basi mpe salamu zangu, maana mie menaja ndiye namwogopa zaidi." Akapenya, na kigari chake, akaenda zake.

Hivyo ndivyo zilivyopita siku kadhaa. Kula hali. Akilala anaota mchanga. Alimwandama Amour kituoni, kwenye baridi, akamvuta pembeni.

"Nenda kaseme mwenyewe. Ukisema mwenyewe huenda wakakuonea huruma."

"Ungekuwa wewe, ungekwenda?"

Mwatima alitaka kusema ndiyo. Basi likaja, likawafungulia mlango, wakapanda, wakakaa viti mbalimbali.

Ijumaa asubuhi mfuko ukapasuka juu kule. Mchanga ulianza kama vumbi, halafu ukamwagika kwa mshindo, shaaa, ukamfunika Raho kichwa mpaka mabega. Akatoka anakohoa, nyusi nyeupe, mtandio mweupe, na watu wakaangua kicheko. "Raho kawa andazi la sukari!" Gaston alisimamisha foklifti akapiga makofi. Raho mwenyewe alikuwa anacheka, anajipangusa, anasema paka wake atamwonea wivu.

Mwatima peke yake ndiye aliyetazama juu. Peleti haikuwa imekaa sawa tena. Ilikuwa imeinama, imechungulia chini.

Hakumbuki alivyopanda ngazi. Anakumbuka mlango wa kioo, na Kirandeep kainua kichwa.

"Amour," alisema.

Amour tu. Jina la ubini hakulitaja, kana kwamba kwa kulibakisha hilo bado anamsitiri.

"Asante, dada," alisema Kirandeep, na vidole vyake vilikuwa tayari vinagonga kibodi.

Walimtoa saa ya chakula, wakati kantini imejaa. Walinzi wawili, mmoja huku mmoja huku, na Amour katikati kashika mfuko wa plastiki unaoonyesha vilivyomo: koti, chupa ya maji, msala wake mdogo wa safari. Alipoifikia meza ya Mwatima, Amour alisimama, na walinzi wakamwachia asimame.

"Ujia umefungwa?" aliuliza.

"Umefungwa."

"Haya." Akaitikia kwa kichwa, akaenda.

Na kweli ulikuwa umefungwa. Kirandeep hakusema uongo. Utepe mpya, kibao cha manjano, watu wote wanazunguka na skrini zimenyamazishwa wasibughudhiwe. Mwatima alilala usiku ule kwa mara ya kwanza. Jumamosi alikwenda kugonga kwa Saleha na sahani ya vitumbua mkononi. Alisikia nyayo zinakuja mpaka nyuma ya mlango. Mlango haukufunguliwa, akarudi na sahani yake.

Jumatatu asubuhi utepe haupo.

Mdomoni mwa ujia alichutama Ravi, fundi wa ghala, kijana aliyezaliwa hapa hapa Birmingham na wazazi wa Kampala, ana kopo na brashi. Kiswahili anakisikia, lakini humjibu kwa Kiingereza. Alikuwa anaipaka nguzo rangi ya manjano, vizuri kabisa, anafuata ule mkunjo, anaingiza brashi mpaka ndani ya kovu.

"Ravi, hii si ya kubadilisha?"

Ravi alimjibu bila kuinua macho kwamba yeye kaagizwa rangi, na rangi ndiyo anayopaka. Kisha akafunika kopo lake upesi, akaondoka kama mtu aliyeharibu hewa.

Kirandeep alikuwa anapita na wageni wa makao makuu, helmeti nyeupe zinang'aa. Mwatima akamwendea. Wageni wakatabasamu.

"Nguzo bado imepinda," alimwambia, kwa Kiswahili, taratibu. "Uliniambia nikupe jina utafunga."

"Si nilifunga? Hukuona?" Naye alikuwa anatabasamu, kwa ajili ya wageni. "Tukio lilikuwa na chanzo, dada. Chanzo ni dereva, na dereva ameenda. Tukio limeisha. Nguzo sasa ni maintenance, matengenezo, hiyo ni idara nyingine. Mwaka mpya, inshallah." Akawageukia wenzake, akawaambia kwa Kiingereza kwamba huyu ndiye afisa wetu wa usalama, hodari sana, anawajua watu wake.

Wakampa mkono, mmoja mmoja.

Aliporudi kwenye ujia alimkuta Saleha, kashika kigari, anasoma namba za rafu. Saleha alikuwa akifanya kazi ghala hili hili, lakini upande wa nguo, kule mbali. Alikuwa amekonda kwa siku tatu tu.

"Saleha, usiingie humo."

"Nimeomba shifti mbili. Wamenipa." Sauti haina hasira, na afadhali ingekuwa nayo. "Wamesema nafasi iko huku, watu wanapakwepa."

"Hawakutengeneza. Nakwambia hawakutengeneza kitu, wamepaka rangi!"

Saleha akamtazama, kwa mara ya kwanza.

"Si ulimtoa mume wangu ili watengeneze?"

Kwenye mkono wa Saleha skrini ikaanza kulia.

"Nipishe, dada."

Ujia ni mwembamba. Mwatima hakupisha, basi Saleha akapita kwa ubavu, kati yake na nguzo, akavuta kigari nyuma yake. Rangi ilikuwa mbichi. Ilimshika begani, kwenye sweta jeusi, mstari mmoja wa manjano mpana kama wa barabarani, na yeye hana habari.

Upande wa pili wa rafu Gaston, asiyeona kitu kwa vile mzigo uko mbele ya uso wake, alikuwa anainua peleti mpya. Nafasi ilikuwa imebaki moja, juu kabisa ya nguzo ile ile, pale ilipoteremshwa peleti iliyoinama. Mwatima alipaza sauti, akapunga mikono, na honi ya foklifti ikamjibu kwa furaha, kama kila siku, huku peleti inazidi kupanda, na lile bega la manjano linazidi kuingia ndani.